Si Kila Mguu Uliovimba Una Matende

Katika mtaa wetu wa Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, yuko mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wanawe ni majirani zangu na heshima yao ni heshima yangu pia. Mzee huyu alikuwa na desturi ya kukaa barazani kila alasiri, na kila mpita njia alimwamkia, "Shikamoo, baba," naye huitikia kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya tatu. Basi mwaka mmoja, kaskazi ilipokuwa inaisha, hakuonekana tena barazani. Mwezi wa kwanza tuliambiwa amepumzika. Mwezi wa pili tuliambiwa ana homa. Mwezi wa tatu nilikwenda kupiga hodi mwenyewe.

Nilimkuta chumbani ameketi kitandani, mgongo ameuegemeza kwenye mito mitatu, na miguu ameifunika kwa shuka nzito ingawa joto la mwezi wa Machi lilikuwa halivumiliki. Nilipoinama kumpa mkono, aliivuta ile shuka kwa haraka akasema, "Usinitazame miguu, mwanangu. Nimepatwa na maradhi ya aibu."

Nyumbani mwake kulikuwa na maneno ya namna mbili. Wengine walisema mzee ana matende, na matende hayana dawa, basi kumpeleka hospitali ni kupoteza nauli. Wengine walisema amekanyaga kitu kilichozikwa mlangoni na hasidi, na kwa ajili hiyo mbuzi mmoja na fedha nyingi zilikwisha kwenda kwa mganga. Watu wote walikuwa wakiitazama miguu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzee analala ameketi, na kwa nini akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni anahema kama aliyepanda mnazi.

Mimi ni karani, si daktari. Lakini jambo la mzee huyu lilinitia hamu ya kuuliza na kusoma, na niliyoyapata nimeona si haki kuyaweka peke yangu, maana naamini katika kila mtaa wa Pwani yuko mtu aliyefunikwa miguu kwa shuka.

MAJI HAYO HUTOKA WAPI?

Kwanza yafaa tujue ya kwamba mguu haujivimbi wenyewe. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hayo yako safarini siku zote. Mnamo mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, aliandika kitabu akathibitisha kwamba moyo husukuma damu nayo ikazunguka mwilini na kurudi moyoni. Damu ikifika katika mishipa iliyo membamba kuliko unywele, sehemu ya maji yake hupenya nje ya mishipa na kuinywesha nyama ya mwili, kama vile maji ya mfereji yanavyopenya kingo na kuinywesha shamba. Mwaka 1896 mtaalamu mwingine wa London, Ernest Starling, alieleza nguvu mbili zinazoshindana hapo. Msukumo wa damu huyatoa maji nje, na protini zilizomo ndani ya damu huyavuta yarudi.

Maji yanayobaki nje hayaachwi yakae. Iko mishipa mingine myembamba mno ambayo haichukui damu, bali huyazoa maji hayo, huyapitisha katika tezi za kinenani, kwapani na shingoni, kisha huyarudisha katika damu karibu na shingo. Wataalamu huiita mishipa ya limfu. Ndiyo mitaro ya mji wa mwili. Mitaro ikiwa wazi hatujui hata kama ipo, lakini ikiziba tutaijua siku ya kwanza ya masika.

Basi uvimbe hutokea kwa njia chache tu. Ama damu imerundikana katika mishipa kwa sababu moyo hausukumi sawasawa, au kwa sababu njia ya kurudi imezibwa. Ama figo zimeshindwa kutoa maji na chumvi. Ama damu imepungukiwa na protini za kuyavuta maji. Ama kuta za mishipa zimelegea kwa jeraha au uambukizo. Au mitaro ya limfu imeharibika. Sababu ni nyingi, walakini dalili inayoonekana ni ile ile moja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

KWA NINI MIGUU HASA?

Kwa sababu maji hufuata mteremko. Damu ya unyayoni hupanda karibu kimo kizima cha mtu mpaka kuufikia moyo. Katika kazi hiyo husaidiwa na nyama za ndama ya mguu, ambazo kila mtu apigapo hatua huibana mishipa na kuisukuma damu juu, na vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa huizuia isirudi chini. Mtu asiyetembea huinyima miguu yake msaada huo.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Nikiisha kukaa mezani tangu asubuhi, kisha nikasimama katika msongamano wa feri jioni, nikivua soksi naona alama yake imechorwa mguuni. Uvimbe wa namna hiyo haupaswi kumtia mtu hofu, maana ukilala na miguu umeiinua juu ya mto, asubuhi umekwisha. Dawa yake ni kuinuka mara kwa mara, kutembea, na kunyanyuka kwa ncha za vidole mara ishirini hivi hata ukiwa umesimama foleni. Anayecheka acheke, mradi damu inapanda.

MATENDE NI KITU GANI?

Sasa tuyaendee matende yenyewe, maana ndiyo yanayoogopwa zaidi katika Pwani yetu, na ndiyo yanayosingiziwa makosa ya maradhi mengine.

Matende husababishwa na mnyoo mwembamba kama uzi, uitwao kwa lugha ya wataalamu Wuchereria bancrofti. Mnyoo dume hufikia urefu wa sentimita 4 hivi, na jike huwa kama mara mbili ya huo. Makao yao si tumbo wala damu, bali ni ile ile mitaro ya limfu niliyoitaja. Huko huishi miaka mingi, yapata 6 hadi 8, na jike huzaa vijana wadogo wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, ambao huingia katika damu.

Vijana hao wana tabia ya ajabu. Mchana hujificha katika mishipa ya ndani, na usiku, hasa baina ya saa nne na saa nane, hutoka kwa wingi katika damu iliyo karibu na ngozi. Saa hizo ndizo ambazo mbu wengi wa usiku huja kula. Kwa hiyo zamani mtu aliyetaka kupimwa ilimpasa atolewe damu usiku wa manane. Siku hizi kiko kipimo cha tone moja la damu ya kidoleni, ambacho huonyesha dalili za mnyoo mkubwa hata mchana.

Aliyefunua siri ya mbu ni Patrick Manson, daktari aliyekuwa akitumikia idara ya forodha katika bandari ya Amoy nchini China. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamuume mtunza bustani wake aliyekuwa na vijana wa mnyoo huo katika damu, kisha akawapasua mbu mmoja mmoja na kuona jinsi wale vijana wanavyokua ndani yao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwamba kimelea cha maradhi ya binadamu hukua ndani ya mdudu anayemwuma. Lakini Manson naye alikosea jambo moja. Alidhani watu hupata ugonjwa kwa kunywa maji ambayo mbu wamefia ndani yake. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1900, George Carmichael Low alipowaona minyoo wamekaa katika mdomo wa mbu, tayari kuingia kwa mtu mwingine. Nalitaja kosa hilo kwa makusudi, ili tujue kwamba hata mjuzi mkubwa hukosea, na elimu husonga mbele kwa kukubali kusahihishwa.

Mtu hapati matende kwa kuumwa na mbu mmoja usiku mmoja. Huhitaji kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka, na wengi huupata mnyoo huo utotoni bila ya kujua. Kwa muda mrefu huenda asione kitu chochote. Baadaye hupata homa za ghafula na mitoki ya kinenani, mguu hujaa kisha hunywea, hujaa tena, mpaka siku moja haunywei. Kwa wanaume wengi maji hujaa katika pumbu, yakaitwa mabusha. Ugonjwa huu haurithiwi kwa damu ya ukoo, hauambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja, na hautokani na kukanyaga dawa ya mtu. Unatokana na mbu.

PWANI YETU NA VITA VYA MATENDE

Wataalamu wameyachunguza matende katika Pwani ya Kenya tangu zamani. Mwaka 1959 Heisch, Nelson na Furlong walitoa maandishi juu ya ugonjwa huu katika kisiwa cha Pate, na baadaye wakaeneza uchunguzi wao katika mwambao. Imejulikana ya kwamba kwetu ugonjwa huu huchukuliwa na mbu wa aina zaidi ya moja. Mashambani ni wale wale wanaochukua malaria. Mijini ni yule mbu wa rangi ya hudhurungi anayezaliwa katika maji machafu ya mitaro, mashimo ya maji taka na vyoo vya shimo. Kila mwenye nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe anaijua sauti yake saa sita za usiku.

Hapo sina budi kuwasifu ndugu zetu wa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Mwaka 1988 vyoo vya shimo vya mji ule vilivyokuwa na maji na mbu vilitiwa punje nyepesi za plastiki nyeupe, ile inayofungiwa vyombo visivunjike. Punje hizo huelea zikafunika uso wa maji kama blanketi, hata mbu akakosa mahali pa kutaga na viluwiluwi vyake vikakosa pumzi. Watu nao walipewa dawa ya kuua vijana wa mnyoo katika damu. Mbu walipungua sana, na watu waliokuwa na vijana wa mnyoo katika damu wakapungua sana pia. Kazi ilikuwa nyepesi kiasi ambacho mtoto wa shule angeweza kuieleza.

Dawa yenyewe, iitwayo kwa kifupi DEC, imejulikana tangu mwaka 1947. Mwaka 1997 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yaliazimia kuyaondoa matende ulimwenguni yasiwe tena tatizo la umma, na mwaka 2000 kazi hiyo ilianzishwa rasmi. Nchini Kenya ugawaji wa dawa kwa watu wote, wagonjwa na wazima, ulianza Kilifi mwaka 2002, ukaenea katika wilaya nyingine za Pwani, ingawa iko miaka ambayo ulikatika. Mwaka 2018 dawa tatu kwa pamoja, yaani DEC, albendazoli na ivermektini, zilitolewa Lamu na katika Jomvu, ambayo ni bara ya Mombasa kama sisi.

Watu wengi waliuliza, "Mimi si mgonjwa, nimeze dawa ya nini?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Mtu mwenye mguu mkubwa pengine hana tena vijana wa mnyoo katika damu yake. Anayewalisha mbu mara nyingi ni yule aonekanaye mzima. Dawa humezwa ili mbu akija usiku asipate cha kuchukua. Ndiyo maana mtaa mzima hauna budi kumeza, isipokuwa wale ambao wagawaji huwaacha, kama mama mjamzito, mtoto mdogo sana na mgonjwa aliye taabani. Anayekataa huweka akiba ya ugonjwa kwa ajili ya watoto wa jirani yake.

Na jambo hili linawezekana. Togo ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 kuwa imeyaondoa matende yasiwe tatizo la umma, ya kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Malawi, jirani ya jirani yetu, ilifuata mwaka 2020.

MIGUU YOTE MIWILI

Turudi kwa mzee wetu. Kijana mmoja wa mtaani aliyesomea uuguzi alikuja kumtazama, akamwomba ruhusa kwa adabu, akafunua shuka. Alibonyeza muundi kwa kidole gumba, akahesabu polepole mpaka kumi, kisha akakiondoa. Shimo likabaki, kama alama ya kidole katika unga uliokandwa. Akafanya vivyo hivyo mguu wa pili, na shimo likabaki. Ndipo akamwuliza lile swali ambalo sisi sote hatukuliuliza: "Baba, usiku unalalaje?"

Mzee akajibu kwamba akilala chali huona kama anazama majini, na hushtuka usiku akitafuta pumzi dirishani. Yule kijana akasema, "Hii si habari ya miguu. Hii ni habari ya moyo." Alfajiri ya siku ya pili wanawe walimvusha feri kumpeleka hospitali.

Moyo ukichoka, damu hurundikana nyuma yake, na maji hushuka miguuni mchana, kisha usiku mtu akilala hupanda mapafuni. Mara nyingi chanzo chake ni shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, lililokaa miaka mingi bila ya kupimwa. Mzee alipewa dawa za kutoa maji kwa njia ya mkojo na dawa za kuusaidia moyo, na chumvi akapunguziwa, maana chumvi huyashika maji mwilini. Katika muda wa majuma mawili miguu ilinywea hata viatu vyake vya zamani vikamwenea. Lakini dawa ni za siku zote, si za kumeza mpaka uvimbe uishe halafu kuziacha. Mzee amezoea yote isipokuwa jambo moja. Husema, "Daktari amenikataza papa mkavu na ng'onda. Afadhali angenikataza kuoa."

Uvimbe wa miguu yote miwili waweza pia kutoka katika figo, na hapo aghalabu uso hufura asubuhi, hasa chini ya macho, na mkojo hutoka na povu lisilokwisha. Waweza kutoka katika ini lililoharibika, tumbo likajaa maji na macho kuwa ya manjano. Tena ziko dawa zenyewe zinazoleta uvimbe, mfano amlodipini, inayotumiwa sana kwa presha. Mtu akiona vifundo vyake vimefura baada ya kuanza dawa, asiiache kwa shauri lake mwenyewe, kwa kuwa presha ikiachwa huua. Arudi kwa aliyempa, apimwe, abadilishiwe ikibidi.

Watoto nao wana uvimbe wao. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu huweza kufura miguu na uso, nywele zikawa nyepesi na nyekundu, naye akawa mnyonge asiyetaka kucheza. Wengine humwona amenenepa, wakafurahi. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, na jina alilolipa baadaye, kwashiorkor, alilichukua katika lugha ya Waga, nalo hutaja ugonjwa wa mtoto apatapo mdogo wake. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja. Na kwa kumkinga asifike huko, chakula chake kisikose samaki, maharagwe, mayai au maziwa.

MGUU MMOJA KWA GHAFULA

Jihadhari sana na mguu mmoja uliovimba kwa siku moja au mbili, ndama yake ikauma na kuwa moto, hasa kwa mtu aliyelazwa kitandani muda mrefu, aliyepasuliwa, aliyejifungua karibuni, au aliyekaa katika safari ndefu ya basi bila kunyosha miguu. Yamkini damu imeganda ndani ya mshipa. Hapa desturi yetu ya kukanda kwa mafuta ya nazi na maji ya moto yaweza kuwa hatari, kwa kuwa bonge lile likibanduka huenda mapafuni, na mtu akafa ghafula. Mguu wa namna hiyo usikandwe. Aende hospitali siku ile ile. Na kama ngozi ni nyekundu na mtu anatetemeka kwa homa, pengine ni uambukizo ulioingia kwa mwanya wa kidoleni au kidonda kidogo, nao pia hautaki kungojewa.

MAMA MJAMZITO

Akina mama wazee husema miguu ya mjamzito ikivimba ni kawaida. Wana haki kwa sehemu, maana vifundo vingi hufura miezi ya mwisho na mama akipumzika hunywea. Lakini uvimbe ukiwa wa ghafula, ukafika mikononi na usoni hata pete ikakataa kutoka, na mama akaumwa na kichwa, akaona vimulimuli machoni, au akaumwa chini ya mbavu, hapo si kawaida tena. Hiyo yaweza kuwa njia ya kifafa cha mimba. Kipimo chake ni cha dakika chache, yaani presha na mkojo. Dawa ya kuzuia kifafa hicho, salfeti ya magnesiamu, si ghali. Mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 yalionyesha kwamba huipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Basi mume asimwambie mkewe angoje mwisho wa mwezi. Kivuko cha usiku ni taabu, lakini jeneza ni taabu zaidi.

MASWALI MANNE

Ili msomaji apate kukumbuka, haya ni maswali manne ya kujiuliza mguu ukivimba:

1. Ni mguu mmoja au yote miwili? Miwili hutuelekeza kwenye moyo, figo, ini, chakula au dawa. Mmoja hutuelekeza kwenye mshipa, jeraha au matende.

2. Umekuja kwa kasi gani? Wa siku moja ni wa kukimbilia hospitali. Wa miaka ni wa kutibiwa kwa subira, lakini utibiwe.

3. Ukibonyeza, shimo hubaki? Likibaki, ni maji mepesi. Ngozi ikiwa ngumu na nene isiyobonyea, mitaro ya limfu imeharibika kwa muda mrefu.

4. Kuna nini kingine mwilini? Pumzi, mkojo, uso, macho, homa, mimba. Swali hili ndilo lililomwokoa mzee wetu.

Maswali haya hayamfanyi mtu kuwa daktari. Kazi yake ni kumwambia mtu aende lini, na akifika aseme nini.

NA MWENYE MATENDE KWELI JE?

Yuko mama mmoja, si mbali na nyumba yangu, ambaye mguu wake wa kushoto ni matende hasa. Kwa muda wa miaka kumi na mmoja hakuhudhuria arusi hata moja. Alikuwa hodari wa kupika pilau ya shughuli, lakini alihofia leso ikipeperushwa na upepo mguu utaonekana, watoto watamcheka. Aliambiwa matende hayana dawa, akakubali.

Ni kweli dawa hairudishi mguu uliokwisha kuwa mnene. Lakini si kweli kwamba hakuna la kufanya. Mguu hukua na kuharibika zaidi kwa sababu ya uambukizo uingiao katika mikunjo ya ngozi na baina ya vidole, na kila shambulio la homa huongeza unene. Zuia uambukizo, na utauzuia mguu. Nao huzuiwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida.

Mguu uoshwe kila siku taratibu, baina ya vidole na ndani ya kila mkunjo, bila kusugua kwa nguvu. Ukaushwe kwa kitambaa safi kwa kuubonyeza, usibaki unyevu. Mwanya wowote utiwe dawa aliyoelekeza mwuguzi. Ukucha ukatwe bila kujeruhi. Ukikaa au kulala, mguu uinuliwe. Kifundo kichezeshwe juu na chini mara nyingi kwa siku. Viatu vivaliwe vyenye nafasi. Homa ikija na mguu ukawaka, yatulize kwa maji ya baridi kisha uende hospitali. Na mwenye mabusha ajue kwamba hupasuliwa akapona, na hapana sababu ya kuyabeba mpaka kaburini.

Yule mama alianza kuosha mguu wake kila magharibi, bintiye akimmiminia maji. Hautalingana na mwenzake, naye anajua. Lakini harufu imekwisha, na homa zilizokuwa zikimlaza kila mwezi zimekaa mbali. Mwaka jana, katika arusi ya mtaani, niliona sufuria kubwa imetelekwa, naye amekaa mbele yake juu ya kigoda akiamrisha vijana walete kuni.

Mtaa wetu waitwa Shika Adabu, na kila siku tunalitamka jina hilo kwa makondakta bila kulifikiri. Naona adabu inayotupasa hapa ni kutomcheka mwenye uvimbe, kutomtungia kisa cha uchawi wala dhambi, na kumwuliza kwa upole, "Unalalaje? Unapumuaje? Umepimwa?" Maneno hayo hayana gharama, na mbuzi atabaki zizini.

Mzee wetu amerudi barazani. Jana jioni nikitoka kwenye feri nilimwamkia, naye akaniitikia kwa sauti yake ile ya zamani, miguu ameinyosha mbele yake juu ya kiti cha pili, wazi, bila shuka.